Aliyeniamkia Shikamoo Qalhat

Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Haya yamenipata mie mwenyewe, nimo katika akili zangu, na jua lingali juu ya milima. Sikuwa na homa wala sikuwa nimesinzia. Mume wangu Said alikuwapo, na binti ami yangu Asha alikuwapo pia. Yeye yuko Unguja, anayetaka akamuulize.

Asha alikuja Maskati kututembelea majira ya baridi. Ni mwalimu wa historia, na maisha yake yote amewasomesha watoto habari za Wareno, walivyokuja na merikebu zao na mizinga yao wakaivunja miji ya pwani. Akasikia kwamba na huku Oman uko mji waliouchoma, Qalhat, uko njiani ukienda Sur. Basi hakutuachia nafasi. "Shemegi, nipeleke nikauone," asubuhi na jioni. Said akachoka, akakubali. Tukafuata njia ya pwani, tukala samaki Tiwi, na tulipofika Qalhat ilikuwa alasiri.

Lakini kwanza lazima umjue dada yangu Zuwena, ama sivyo hutanielewa.

Wazee wangu waliporudi kutoka Unguja tulikwenda kukaa Ibra kwa jamaa za baba. Mie nilikuwa mtoto mdogo. Zuwena alikuwa mwanamke kamili, amekulia mjini Unguja, hakijui Kiarabu ila kile cha kusalia. Wenzake wa mtaani walikuwa wakimsemesha, yeye anacheka tu. Kutwa alikuwa na mie, kwa sababu mie ndiye niliyekuwa nikizungumza naye. Siku moja alikuwa ananisuka. Alipomaliza upande mmoja akainuka kwenda kuteka maji kwenye falaji, ule mfereji unaopita kati ya mitende. Akarudi hasemi. Akalala, na alfajiri alikuwa amekufa, hakuumwa hata kichwa.

Mabibi wa Ibra wakaanza kunong'ona. Huko watu wanaamini kwamba mtu anayekufa ghafla namna hiyo hakufa, amefichwa na wachawi, na kilichozikwa ni kivuli chake tu. Wenyewe wanamwita mughayyab. Baba alikataza maneno hayo nyumbani. Mama hakusema kitu, lakini mpaka siku aliyokufa, kila magharibi alikaa kuuelekea mlango. Alikuwa anamngoja nani?

Basi, tuko Qalhat. Mlinzi alitufungulia, tukaingia. Mji mzima ni mawe yaliyoanguka, kuta fupi, makaburi na mabirika makavu. Kitu kilichobaki kimesimama ni kaburi moja la kuba, na lenyewe kuba lake limepasuka. Asha alikuwa anatembea huku anatueleza, hapa msikiti, hapa bandari, hapa ndipo Wareno walipotia moto. Goti langu likaanza kuuma. Nikawaambia wapande kwenye kuba, mie nitakaa pale chini, penye wadi, bonde la mto linalopita kando ya mji na kumwagika baharini. Siku zile ilikuwa na maji.

Nimekaa, nalisugua goti langu, nikasikia, "Shikamoo, bibi."

Nikaitika marahaba kabla sijanyanyua uso. Kisha nikashtuka. Nani wa kuniamkia shikamoo mahali pale?

Alikuwa mwanamke kijana, kavaa kanga mbili. Niamini, nilimjua papo hapo. Yeye ndiye hakunijua. Aliniona kizee tu.

"Bibi, Ibra unapajua?" akaniuliza.

"Nimekulia huko."

"Kuna nyumba karibu na falaji, ya watu waliotoka Unguja. Mama wa nyumba ile hajambo?"

Mama amekufa zamani. "Hajambo," nikasema, "anakungoja."

Akatikisa kichwa, akatazama chini. "Na mdogo wangu je? Nilimwacha kichwa nusu."

Nikaivua shela yangu. Nywele zangu zimekuwa nyeupe zote. Nikamwambia, "Da Zuwena, ndiye mie."

Hakulia. Akapita nyuma yangu, akakaa juu ya jiwe, akanivuta nikae chini kati ya magoti yake, mie mwenye wajukuu. Vidole vyake vikaanza kugawa nywele. Vilikuwa na joto, vidole vya mtu hai. Nilitakiwa kuogopa, naelewa. Lakini nani aliyekuwa na nafasi ya kuogopa? Nilikuwa naomba Asha asichoke kutazama mawe yake.

"Wanakutesa?" nikamuuliza.

"Hawanitesi. Mji wao mzuri, msikiti wao umepambwa vigae vya rangi, na sokoni kuna watu wa kila namna. Lakini hapana hata mmoja anayejua Kiswahili. Huwa nazungumza peke yangu usiku ili nisisahau."

"Mji gani huo?"

"Huu hapa," akasema, akaunyooshea mkono ule uwanja wa mawe.

Nikamwambia mji huu ulichomwa na Wareno karne nyingi zilizopita, watu wake wakafa, wengine wakakimbia. Akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa upuuzi na mtoto.

Kisha akasimama. "Jua linazama, hapa sioni vizuri. Twende nyumbani nikumalizie."

Nikajitanda shela yangu, akanishika mkono, nami nikaenda. Sikuburutwa. Ningependa kukuambia nilivutwa na nguvu za jini, lakini nilikwenda kwa miguu yangu, na goti haliumi. Sikumkumbuka Said, sikuwakumbuka wanangu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na njiani nikaanza kumwambia, nani aliolewa, nani alizaa, wali wa mama ulivyokuwa ukiungua kila alipomkumbuka yeye. Anasikiliza, anaitikia, "Ehe, halafu?" Sauti ile ya jikoni kwetu. Maji nikayasikia miguuni, kisha magotini.

Ghafla mikono ikanikamata kiunoni na mtu akaanza kunisomea Ayatul Kursiyyu sikioni. Alikuwa Said. Mkono niliokuwa nimeushika haukuwamo tena mkononi mwangu.

Said anasema aliniona peke yangu, nazungumza, naingia wadi pale inapokutana na bahari, maji yamenifika kifuani. Asha alikuwa amebaki juu penye kuba. Yeye anasema aliona wanawake wawili wameshikana mikono, akafurahi kwamba nimepata mwenzangu wa kuzungumza naye.

Ndani ya gari nilikuwa natetemeka, Asha akaniondolea shela anikaushe kichwa. Kisha akasema polepole, "Nani aliyekusuka hivi?" Upande wa kushoto wote ulikuwa umesukwa mistari myembamba, ule msuko wa Unguja wa zamani. Upande wa kulia nywele ziko wazi. Said alitazama mara moja kwenye kioo, hakutazama tena mpaka Sur.

Sikuufumua. Ulifumuka wenyewe, na siku mstari wa mwisho ulipofunguka nililia kama niliyefiwa jana. Nilikwenda kwa shangazi yangu, ambaye ndiye aliyemwosha Zuwena siku ya kuzikwa. Nilimuuliza aliona nini siku ile. Akanishika mikono, akaniomba nisimuulize. Masheikh wamenisomea. Said sasa akienda kwao Sur hupita njia ya bara, ndefu kuliko ile, inayopita Ibra. Huko nako yapo makaburi alikozikwa Zuwena. Tukipita wote hunyanyua mikono kusoma Fatiha. Mie nasoma, lakini namsomea nani?

Kwa hivyo nakuusia. Kama una mtu wako aliyekwenda na hujamaliza naye maneno, usikae peke yako katika mji uliokufa. Akikusalimia mtu kwa lugha ya kwenu, itika salamu, maana ni wajibu, kisha uondoke. Usimuulize jina na usimwache akuguse kichwa. Utarudi nyumbani, utakula, utalala, lakini hutakuwapo.

Nayasema haya kwa wengine. Mie mwenyewe, kila nikimsikia Said anatafuta ufunguo wa gari kwenda Sur, huwa nimeshatangulia kukaa kiti cha mbele, namwomba kwa upole, leo tupite njia ya pwani.