Ukarimu Uliotupeleka Mtaroni

Nilitoka Majengo, Pumwani, kwenda kumposea mwanangu Idi. Baba wa msichana, Mzee Bashir, anaishi kaskazini, mwendo wa siku mbili kwa basi, na alikuwa amekwisha kutukataa kwa simu. Watu wa Nairobi, alisema, maneno matamu, ukweli hakuna. Mkewe alimsihi mpaka akakubali tuonane, mara moja tu.

Idi akataka ndege. "Mzae, tukishuka na ndege, nani atatukataa?" Akapata viti viwili katika kandege ka kupeleka miraa. Asubuhi tukaondoka, magunia yakinisukuma mgongoni, nami nikisoma dua zote ninazozijua na nyingine nikizitunga papo hapo.

Karibu na adhuhuri tukauona uwanja: ukanda wa udongo mtupu, na mwishoni watu wamesimama na nguo za sikukuu. Magurudumu yaligusa chini vizuri. Lakini rubani alipofunga breki, ndege ikateleza kama sabuni bafuni, ikatoka kando, ikatia pua mtaroni. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Wenyeji walikuja mbio, wengine wakaanzia kwenye miraa.

Niliposhuka nilikanyaga tope. Tope, mahali ambapo mvua haijaonekana miezi mingi. Mama wa msichana akanieleza kwa fahari: mgeni wa posa hapokewi kwa vumbi. Ua wa nyumba hunyunyizwa maji, na kwa kuwa sisi tulikuja na ndege, tangu alfajiri walikuwa wakileta maji kwa punda na kuunyunyiza uwanja.

Baada ya chakula, Mzee Bashir alimgeukia rubani, kijana mdogo. "Ulikuja na mbio mno. Wakubwa wako nitawaambia hivyo, na mgeni wangu huyu ni shahidi."

Idi akanifinya paja. Nilijua jibu linalotakiwa. Lakini shingo iliniuma, na nilikuwa nimekasirika kweli kweli.

"Mzee, kijana hana kosa," nikasema. "Ni maji yenu. Mmetuheshimu mpaka nusura mtuue."

Idi akainamisha kichwa. Mzee Bashir akanigeukia.

"Wewe ni wa Nairobi kweli?"

"Nimezaliwa Pumwani."

"Basi harusi mje kwa barabara," akasema, akaagiza chai.

Tulirudi kwa basi. Njia nzima Idi aliwaambia abiria kwamba ndege ndiyo iliyompatia mke. Mimi nilijifunza jingine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema ukweli katika posa, na sijui kama nitathubutu tena. Nina wana wengine watatu.