Mchele wa Siku ya Mtakatifu Etienne

Enzi zetu, enyi mnaosherehekea sikukuu ya jina kwa kubadilisha picha kwenye simu, jina la mtu liliimbwa. Kesho yake baada ya Noeli, siku ya Mtakatifu Etienne, sisi watoto wa kwaya kule Kasenga tulizunguka asubuhi kumwimbia kila Etienne mlangoni kwake. Asiyetoa chakula tulimrudia na beti zote tangu mwanzo. Vita vilipoingia, chakula kikaadimika, akina Etienne wakaanza kujificha. Mmoja alituambia dirishani kwamba yeye ni Yosefu tangu jana.

Mwaka huo mama alikwenda Bwegera kununua mchele wa Noeli. Ulifika hadi bariera ya Mulongwe, kizuizi cha barabarani, na hapo askari wakabaki nao. Walisema wanaulinda. Noeli tukala sombe tupu, majani ya muhogo bila wali, mimi nikinuna.

Jioni tukasikia kwamba komanda wa bariera anaitwa Etienne. Sijaona tena kwaya ikijipanga haraka vile. Tulikubaliana tumwimbie mpaka alegee, kisha mimi niombe mfuko wa mama, wenye kona iliyoshonwa kwa uzi mwekundu.

Kulipokucha tuliimba vizuri ajabu. Komanda alivua kofia, akafumba macho, akatoa machozi ya kweli.

"Tangu nitoke kwetu, hakuna muntu aliniimbia," akasema. "Watoto yangu, munataka nini?"

"Papa komanda, tunaomba muchele ya mama."

"Muchele? Muchele iko!"

Akaamuru tupakuliwe. Sahani zilijaa, zikawekwa ndagala, samaki wale wadogo, za kukaanga juu. Nyuma ya sufuria askari mmoja alikuwa amekalia mfuko mtupu, na kwenye kona yake niliona uzi mwekundu.

Nilikasirika, lakini njaa ilikuwa kubwa kuliko hasira. Nikala mpaka nikalamba sahani. Kisha tukaambiwa tuimbe wimbo wa shukrani, na aliyeanzisha sauti ni mimi.

Nyumbani mama aliutazama mdomo wangu unaong'aa mafuta.

"Weye ulikula muchele?"

"Nilikula, mama."

"Ilikuwa muzuri?"

"Muzuri sana."

Akaigeukia sufuria yake ya sombe. "Basi, ilifika."

Mama hayupo tena, na namkumbuka zaidi siku za Noeli. Siku hizi wakubwa wanakuja na magari kutugawia mchele, na vijana wetu, ambao hata ubeti mmoja wa Mtakatifu Etienne hawaujui, wanapiga makofi na kujipiga picha. Wananicheka kila mwaka wanaponiona nimeinama, nikikagua kona za mifuko.