Uso wa Kuuzia Mkorogo

Dukani walimwita Kioo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu alipofika miaka kumi na tisa uso wake ulikuwa umetakata mno. Duka lilikuwa la shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemchukua baada ya msiba na kumlea nyumbani kwake. Lilikuwa chumba kimoja chenye rafu za manukato, vitana na nywele za bandia, na nyuma ya pazia kulikuwa na stoo isiyo na dirisha. Lakini watu hawakufuata manukato. Walifuata mkorogo wa shangazi, krimu nyeupe aliyoichanganya mwenyewe kwenye ndoo na kuijaza katika vikopo visivyo na maandishi.

Mteja akiingia na chunusi, shangazi hakuhangaika kueleza. Alimwonyesha Kioo kwa kidevu.

"Muone huyo. Alikuja hapa na uso kama ganda la nanasi."

Na hakudanganya. Kioo alikuja na chunusi za mashavu na kidevu, zile nene zinazouma hata ukilalia mto. Mkorogo ulizifuta kwa siku nne.

Mwaka wa pili uso ukaanza kumgeuka. Akipigwa na jua la saa nne, mashavu yaliwaka kama yamepakwa pilipili. Vishipa vyekundu vilijitokeza kando ya pua. Akikaa siku mbili bila kupaka, ya tatu aliamka na vipele vidogo vimejipanga kidevuni. Akipaka, vinalala. Alijaribu kuacha mara tatu, na mara zote tatu shangazi alimtazama wakati wa chai, akamsogezea kikopo mezani.

Siku moja aliaga kwamba anafuata mifuniko ya vikopo, akaenda kliniki. Daktari wa ngozi, mama wa makamo, alimshika kidevu akamgeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Krimu yenyewe ina jina?"

"Haina."

"Nahisi ndani yake kuna steroidi kali. Inatuliza wekundu haraka, ndiyo maana ukadhani umepona. Chunusi zako hazikupona, mdogo wangu. Zilinyamazishwa tu, na ngozi imekonda."

"Nikiacha?"

"Utafumuka, tena vibaya, kwa wiki kadhaa. Nitakupa vidonge vya muda. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo na manukato, usisugue, usitumbue, na jikinge na jua. Ngozi ikitulia nitakuanzishia jeli ya chunusi, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Hesabu miezi, usihesabu siku."

"Miezi siwezi, mama. Uso wangu ndio kazi yangu."

Daktari akaacha kuandika. "Kazi gani hiyo?"

Kioo akamweleza. Yule mama akavua miwani, akaifuta taratibu. "Kumbe wateja wenu ndio wagonjwa wangu."

Kioo aliacha mkorogo siku hiyo hiyo. Wiki ya pili hakuweza kutabasamu bila ngozi kuvutika na kuuma. Shangazi hakumgombeza. Alimwinulia pazia la stoo.

"Kaa huku mpaka upoe. Wakikuona hivyo watasema mzigo umeharibika."

Basi Kioo akashinda stoo akijaza vikopo, krimu ile ile, kijiko baada ya kijiko. Mikono ikipumzika aliikalia, isije ikapanda kuukuna uso. Kutoka mbele alisikia wateja wakiulizia.

"Yule msichana wako yuko wapi?"

"Amesafiri."

Alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Mwanzoni alicheka kimoyomoyo. Baadaye hakucheka tena.

Jioni moja, wakiosha ndoo, alijikaza akasema, "Shangazi, daktari anasema kitu hiki kinaharibu ngozi."

Shangazi aliendelea kusugua. Mikono yake ilikuwa myeupe, ila vifundo vya vidole vilibaki vyeusi. "Watoto watatu nimewasomesha kwa ndoo hii. Wewe wa nne. Daktari wako amesomesha nani hapa?"

Kioo akaisuuza ndoo. Chakula alichokula mchana kilitoka humo humo.

Mwezi wa tano tangu aache mkorogo, uso ulikuwa umetulia. Yalibaki madoa, na chunusi moja moja zilizokuja na kuondoka. Shangazi alimshika mabega kwa furaha ya kweli, akamrudisha kaunta siku hiyo hiyo. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu, paji lake limejaa vipele.

"Muone huyo," shangazi akasema, akaingia stoo.

Kioo akainama juu ya kaunta. "Dada, usinunue," alinong'ona. "Iliniumiza. Nilitibiwa kliniki, nikaiacha kabisa."

Mwalimu alimkagua uso, akatabasamu kama aliyekwisha kugundua hila yake. "Nyie mkishapendeza mnatufungia mlango. Nifungie viwili."

Kioo akafunga viwili.

Mpaka leo yupo. Huwa ananong'ona shangazi akiwa mbali, na daktari amewahi kumwambia kwamba wanawake wawili walifika wakisema wametumwa na msichana wa dukani. Wawili, kwa mwaka mzima. Shangazi naye amekodi chumba kingine cha duka mtaa wa pili. Rafu zimeshapigwa, rangi imekauka, na amewatangazia wateja wote kwamba Kioo ndiye atakayesimamia duka hilo.