Mapango katika Tope la Dunga

Mwaka 1987 Absalom Obiero, mpiga picha wa Kaloleni, aliajiriwa na Daktari Sumitra kupiga picha za tope la ziwa kupitia darubini. Sumitra alijifunza kazi hiyo ng'ambo, kwa tope la sakafu ya bahari ambamo gesi ya methani hufungwa ndani ya barafu. Sasa alitaka kujua gesi ya ziwa hili inakaaje ndani ya tope lisilo na barafu.

Picha ya kwanza iliposafishwa, Absalom aliisogeza karibu na taa. Tope lilijaa mapango, kana kwamba limetafunwa kutoka ndani. Mwaka uliotangulia redio ilikuwa imetangaza habari za ziwa la Kameruni lililotema gesi na kuua watu wengi wakiwa usingizini. Na tope hili lilichotwa Dunga, karibu kabisa na boma la mama yake, Dorca.

Alimwendea mara moja.

"Mama, twende Kaloleni. Chini ya maji haya kuna gesi."

"Baba yako tumemzika juzi. Mjane atalalaje nje ya boma lake kabla matanga hayajaondolewa?"

"Gesi haijui matanga."

"Basi iambie isubiri," Dorca akasema, akiendelea kuparua samaki. "Wewe utotoni uliogopa hata bata, Absalom."

Absalom hakucheka. Kila alipovuta pumzi, aliinusa kwanza.

Sumitra aliitazama picha kwa makini. "Bwana Obiero, tope ulilikausha?"

"Juu ya jiko la makaa, Daktari, kama tunavyokausha picha wakati wa mvua."

"Joto limeivimbisha gesi, ikalipasua tope. Mapango haya umeyachimba wewe."

Wakaanza upya. Bomba lililojazwa tope jipya la ziwani lilifukiwa katika barafu ya wauza samaki mle mle mtumbwini, kisha tope likagandishwa na kukatwa likiwa gumu kama jiwe. Safari hii matundu yalikuwa madogo mno, kama yaliyotobolewa kwa sindano.

"Kwa hiyo mama yangu yuko salama?"

"Hapa naona gesi kidogo. Ziwa zima sijaliona."

Absalom alimshukuru Mungu kwa nusu ya jibu, akaiogopa nusu iliyobaki. Jioni alibeba godoro hadi Dunga. Ikiwa hawezi kumtoa mama yake, basi atavuta hewa ileile anayoivuta mama.

Dorca hakumtania. Alilivuta godoro kutoka alipolitandika mwanawe, chini ya dirisha linalotazama ziwa, akalisukuma hadi ukuta wa ndani, kando ya mkeka wake mwenyewe, ambao alikuwa amekwisha kuuhamishia huko kabla Absalom hajafika.