Mwaka Nilioitwa Kigego

Nilipokuwa mtoto, kuna mwaka niliamini kabisa kwamba nikimgusa mtu atapatwa na balaa. Sikuzaliwa na imani hiyo. Nilipewa na wenzangu wa darasa la saba, pale Kihesa, nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Ilianza bila ubaya. Bibi alikuja kutoka Rujewa kutusalimia, na jioni moja akawa anapiga soga uani na jirani yetu.

"Huyu mjukuu wangu aliota meno ya juu kwanza," alisema huku akicheka. "Kigego! Wazee wakataka atolewe nyumbani, eti ataleta vifo. Nikawaambia, anayemtaka mtoto huyu aanze na mimi."

Kwake ilikuwa hadithi ya ushindi. Lakini Editha, binti wa jirani, alikuwa anaosha vyombo palepale, na tulisoma darasa moja.

Kesho yake jina langu likawa Kigego. Keshokutwa yake hakuna aliyekaa nami dawati moja. Nikishika bomba la maji, walilisugua kwa majani kabla ya kunywa. Mwenzetu mmoja alipovunjika mkono mpirani, wote waligeuka kuniangalia, na mimi nikaanza kujiuliza kama nilimtazama asubuhi ile. Hapo ndipo waliponipata. Niliacha kwaya ya kanisani. Niliamka na tumbo linaloniuma kweli, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku moja nikamwambia mama, "Bora wangenitoa tu."

Mama aliacha kusonga ugali. Akampigia Bibi simu na kunipa mimi niongee.

"Nilibishana na wazee wenye mvi kwa ajili yako," Bibi alisema. "Wewe unashindwa na watoto wenzako?"

Niliumia. Nilitaka anibembeleze. Lakini maneno yale yalikaa ndani yangu wiki nzima.

Jumatatu ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio. Nilipoingia darasani nilimkuta Editha amechora mstari wa chaki kuzunguka dawati langu.

"Nuksi yako ibaki humo," akasema. "Sisi tunataka kufaulu."

Niliufuta kwa kiatu. Kisha nikaenda dawati kwa dawati, nikiweka viganja vyote viwili juu ya kila moja. "Nimegusa. Na hapa nimegusa." Tumaini, msichana wa mstari wa mbele, alianza kulia. Wengine walirudi nyuma hadi ukutani. Nilimalizia kwa Editha, nikaliegemea dawati lake kabisa.

"Mkifeli wote, ni mimi. Mkifaulu, msiniite tena."

Nikarudi dawatini kwangu, nikakaa.

Matokeo yalipotoka, Editha alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake. Waliozoea kufeli walifeli. Hakuna aliyeniomba radhi, ila jina lilikufa polepole, na Tumaini akahamishia madaftari yake kwenye dawati langu.

Watu huniambia ule ulikuwa utoto tu, nisahau. Sikatai kwamba tulikuwa watoto. Lakini huzuni ile haikuwa ya kitoto. Ilinifanya nitamani nisiwepo. Kwa hiyo sisahau, wala sioni haya kwa nilichofanya. Imani ile waliirithi kwa wakubwa. Raha ya kunitesa nayo ilikuwa yao wenyewe, na siku ile niliwanyima.