Treni ya Saa Saba

Tangu alfajiri Pudensiana alikuwa ameufunga mzigo wake, akaufungua, akaufunga tena. Binti yake Sikujua alikuwa Tabora na mimba ya kwanza, siku yoyote atajifungua, na mama hakutaka mjukuu wake apokelewe na mikono ya wageni. Bahati ikamwangukia: masista wa Makanyagio, aliokuwa akiwapikia, walimwomba amsindikize hadi Tabora Sista Inmaculada, mgeni kutoka Hispania asiyejua Kiswahili. Tiketi zote mbili alizishika sista.

Kihispania cha Pudensiana kilikuwa cha jikoni. Sista alimfundisha kuhesabu huku wakimenya viazi, naye alishika upesi. Asubuhi ile alimwambia kwa kujiamini kabisa kwamba treni ni saa saba: "Treni, a las siete." Sista akaitikia kwa kichwa.

Sasa jua lilikuwa utosini, na sista alikuwa anafua! Polepole, huku akiimba. Pudensiana aliingia ndani, akatoka, akaingia tena.

"Mama Sikujua, utachimba shimo hapo uani," Ladislas, mtunza bustani, alimtania. "Treni haimngoji Mhispania wako."

"Nyamaza wewe! Kila nikimhimiza ananipapasa bega na kunijibu 'tranquila, tranquila'. Sijui ndiyo nini."

"Labda ndilo jina la treni ya kwao."

Mara honi ikalia stesheni. Pudensiana akamkamata sista mkono uliojaa povu, akamvuta hadi sebuleni mbele ya saa ya ukutani.

"Siete! Siete!"

Sista akatabasamu, akagusa namba saba kule chini. Kisha akagusa mshale mfupi, uliokuwa unaikaribia moja. "La una," alisema, akiinua kidole kimoja.

Pudensiana akaduwaa. Tangu utotoni aliuona mshale kwenye moja akasoma saba, kama watu wote aliowajua, maana saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Hakuwahi kufikiri kwamba wapo watu wanaoisoma saa kama ilivyoandikwa.

Akaipiga ile moja kwa kiganja. "Treni! Hapa! Puuuu!"

Sista akapiga ukelele. Ladislas akatupa sanduku la sista na mzigo wa Pudensiana kwenye baiskeli, wakatoka mbio wote watatu, na wanawake wale wawili wakadandia behewa la mwisho likiwa limeshaanza kusogea.

Sista, akihema, alionyesha saa yake ya mkononi: Tabora? Pudensiana aliinua vidole kuhesabu, akavishusha. Akanyoosha mkono dirishani kuelekea mashariki, chini kabisa, pale jua litakapotokea kesho. Sista akaelewa, akaketi.

Pudensiana hakuketi. "Subiri, mwanangu," alinong'ona, ameshika nondo za dirisha. "Usianze bila mimi."