Vichaka Visivyo na Thamani

Sahihi iliyo chini ya ile fomu ni yangu. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nawasema watu wengine tu.

Nilikuwa na mkataba wa muda katika mradi wa kupanda miti. Nimesomea misitu ngazi ya cheti, nimepanga chumba Mkonze, pembeni ya mji wa Dodoma, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na bosi wangu tukipima maeneo ambako mradi ungepanda miti. Mwezi wa nane mwaka huo tulipangiwa kilima kilichoko nyuma ya kijiji nilikokulia, upande wa Mvumi. Nilifurahi. Nilidhani nitapima kwa siku mbili halafu niende kula kwa mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, nikiwa bado sijaanza shule. Ni mwanamke mfupi, mkali, anayenusa tumbaku na kupiga chafya kwa fujo. Hajawahi kunibembeleza. Alichofanya ni kunifunga kibuyu cha maji mgongoni na kunipeleka kilimani. Huko ndiko nilikojua kwamba mlenda si mboga moja bali ni mboga tatu, kila moja na mwezi wake, na kwamba ukichuma ile ya majani membamba kabla haijatoa ua, ikikauka itakuwa chungu. Nilijua mkole unaotoa fito za paa la tembe na mkole mwingine unaofanana nao ambao mchwa wanautafuna kabla mwaka haujaisha. Kulikuwa na gome la kusokotea kamba, mzizi wa kupaka rangi mikeka, na mti mdogo wenye utomvu wa kunukia ambao nyuki hawawezi kuupita. Kulikuwa pia na kiazi cha porini, kinachotambaa chini ya vichaka, majani yake madogo kama kucha. Kiazi hicho huchemshwa mara mbili na maji ya kwanza humwagwa. Mwaka ambao mtama wetu ulikauka ukiwa umefika magotini, tulikula kiazi hicho miezi miwili. Nilikichukia sana. Lakini niliamka kila asubuhi nikiwa hai.

Sasa, kuhusu fomu. Ilitaka miti peke yake, na mti kwa mujibu wa fomu ni kitu chenye shina lililofikia unene fulani kwenye mkanda wa kupimia. Kilima chetu ni kichaka kizito, mashina mengi membamba yamesongamana hadi mbuzi anapita kwa kupiga magoti. Miti minene ilikuwa ya kuhesabika kwa vidole: mininga michache, migunga, mkwaju mmoja bondeni. Kwenye safu ya matumizi kulikuwa na mambo matatu ya kuchagua: mbao, nguzo, mkaa. Hapakuwa na mboga wala dawa, hapakuwa na kamba wala nyuki. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa maelezo mengine.

Siku ya pili mama mdogo alitukuta tukiwa tumekaa kwenye jiwe, bosi anasoma, mimi naandika. Alikuwa na kikapu kichwani.

"Shikamoo mama," bosi akasema. Ni mtu wa adabu, siwezi kumsingizia.

"Marahaba. Mnafanya nini kwenye kilima chetu?"

"Tunahesabu miti, mama."

"Mtamaliza lini? Mimi nimeishi hapa miaka yote na sijamaliza." Akatua kikapu, akavunja tawi la karibu, akamwonyesha. "Huu mmeuandika?"

Bosi akanitazama. Mimi nikatazama karatasi.

"Huo ni mdogo, mama. Haufiki kipimo."

"Haukui zaidi ya hapa. Huu ni mzee kuliko wewe." Akavunja mwingine, na mwingine, akiutaja kila mmoja kwa Kigogo na kazi yake: huu wa mtoto mwenye tumbo, huu mama zetu walikuwa wakipewa baada ya kujifungua, huu ni wa ng'ombe aliyevimba, huu si wa chochote ila ndege wanaupenda. Sijui kama dawa zake zote zinatibu. Mwanangu akiumwa nampeleka hospitali, na mama mdogo mwenyewe ndiye huwa wa kwanza kusema twende. Lakini alikuwa anataja vitu anavyovijua, kimoja kimoja, na alikuwa hajamaliza hata vya pale alipokuwa amesimama.

Bosi akacheka kwa upole. "Mama, ni kweli kabisa. Tatizo fomu haina nafasi."

Mama mdogo akanigeukia. "Na wewe? Waambie."

Nikasema, "Mama mdogo, hii ni kazi ya ofisi."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Kwenye ule mstari wa mwisho bosi akaniambia niandike, nami nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: vichaka visivyo na thamani. Kisha nikaweka sahihi. Jioni ile sikwenda kula kwake. Nilijiambia gari la mradi linaondoka.

Mwezi wa kumi na moja akanipigia simu. Hapigi simu hovyo, anaogopa salio litaisha kabla hajamaliza kugomba. Safari hii hakugomba. Alisema tu, "Njoo uone," akakata.

Nilichukua boda kutoka Mkonze. Kutoka barabarani niliona wekundu pale ambapo palitakiwa kuwa na kijivu. Trekta lilikuwa limeanzia juu kileleni na kushuka, limeng'oa kila kitu na mizizi yake, na mizizi ilikuwa imelundikwa mafungu mafungu inachomwa moto. Nusu ya chini walikuwa wamefyeka kwa mapanga kwa sababu mawe yalilizuia trekta. Nyuki walikuwa wanazunguka hewani juu ya mafungu yale bila mahali pa kutua. Harufu ya utomvu unaoungua ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba ilikuwa nzuri.

Niliuliza kwa nini wanang'oa miti kwenye mradi wa kupanda miti. Dereva wa trekta alinijibu bila ubaya, "Dada, wanasema lazima pawe peupe ndiyo miche ionekane."

Wiki chache baadaye, mvua ya kwanza ilipokwisha kunyesha, uzinduzi ukafanyika. Turubai, viti vya plastiki, spika kubwa, fulana za kijani na kofia. Mgeni rasmi akahutubia kuhusu kurudisha uoto wa asili. Alisimama juu ya ardhi iliyokuwa na uoto wa asili mwezi mmoja uliopita akasema maneno hayo, na tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nilikuwa nimevaa fulana. Miche yenyewe ilikuwa mijohoro na miarobaini kutoka kitaluni, imepangwa kwa mstari kama wanafunzi.

Mwenyekiti wa kijiji akamwita mama mdogo apande mche kwa niaba ya akina mama. Nadhani alimchagua kwa kuwa anaheshimika. Hakufikiria vizuri. Mama mdogo akaupokea mche ule wa mjohoro, akaugeuza, akamuuliza mgeni rasmi, na kipaza sauti kilikuwa karibu:

"Huu unaliwa?"

"Hauliwi, mama, lakini unakua haraka sana."

"Mbuzi wanaula?"

"Hapana. Ndiyo uzuri wake!"

"Nyuki?"

Mgeni rasmi akamtazama mtu wake wa pembeni. Watu wakaanza kucheka. Mama mdogo hakucheka. Akauweka mche chini taratibu, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani, akasema, "Palikuwa na miti inayoliwa na watu, na mbuzi, na nyuki. Mmeichoma. Halafu mnaniita mimi nije nipande huu." Akaondoka akapita katikati ya viti. Mtu akazima kipaza sauti. Muziki ukawekwa.

Nilimfuata hadi nyumbani. Nikamsalimia, hakuitikia. Nikaanza kueleza kuhusu fomu na bosi na mkataba. Aliniacha niseme hadi nilipochoka.

"Wale hawajui," akasema. "Wametoka mbali, wamesoma vitabu vya kwao. Wewe ulikuwa unajua."

Hakuna aliyewahi kunitukana tusi zito kuliko hilo.

Mwezi wa pili mvua ilikata, kama inavyokata karibu kila mwaka Dodoma na kama anavyojua kila mtu aliyewahi kulima hapa. Miche ikakauka kwenye mistari yake. Boza la maji lilikuja mara mbili likaacha. Lakini sehemu ya chini, ile iliyofyekwa kwa mapanga, visiki vilikuwa vimechipua. Hakuna aliyevimwagilia. Vilichipua vyenyewe, vikafunika mawe, na kufikia mwezi wa nne vilikuwa vimefika kiunoni. Nilikaa pale nikalia kwa furaha kidogo, na siku tatu baadaye ofisini nikakabidhiwa maelekezo: nisimamie vibarua wakang'oe magugu yanayoisonga miche.

Magugu. Nilisoma neno hilo mara mbili, kisha nikaenda kwa bosi nikiwa nimeishika ile karatasi.

"Miche imekufa," nikamwambia. "Hakuna cha kusongwa."

"Najua. Lakini ukaguzi unakuja. Eneo linatakiwa lionekane linatunzwa."

"Siendi."

"Punguza hasira. Ripoti ya mwanzo uliiandika wewe."

"Ndiyo. Na ilikuwa ya uongo, na wewe ulikuwepo."

Akafunga mlango ili wengine wasisikie. "Una mtoto," akasema. "Fikiria mkataba." Nilifikiria. Nilikuwa nimefikiria mkataba mwezi wa nane. Safari hii sikwenda, na bila msimamizi vibarua nao hawakwenda.

Nilimrudia mama mdogo na daftari la shule. Sikuomba msamaha, angenifukuza. Nikamwambia tu, "Nitajie." Alinusa tumbaku yake, akapiga chafya, akasema, "Leta kiti." Akawaita wanawake wengine watatu, na kwa Jumamosi sita mfululizo tulipanda kilima. Wao wanataja na kubishana, maana walibishana sana, mimi naandika jina, mwezi wa kuchuma, kinatumika kwa nini na nani. Nilikausha sampuli za majani katikati ya magazeti chini ya godoro langu Mkonze.

Nikazipeleka kwa mwalimu mmoja wa mimea chuoni. Yeye alizitazama siku nzima na kioo chake cha kukuzia, akifurahi kama mtoto, akaandika jina la kitaalamu kwenye karibu kila moja. Alipofika kwenye kiazi akasita. Nilikuwa na jani moja tu na kipande cha mzizi mkavu, mama mdogo alikitoa kwenye chungu chake cha akiba.

"Hiki sikitambui," akasema. "Inawezekana kinajulikana, inawezekana hakijulikani. Niletee chenye ua."

Nikamwambia kilikuwa kinaota juu, karibu na kileleni.

"Basi nenda kileleni."

Nilishindwa kumwambia yule mwalimu mwema kwamba kileleni trekta limeshang'oa kila kitu, na nani aliyeandika kwamba hakina thamani.

Daftari lile tulilipeleka kwenye serikali ya kijiji. Halikusomwa lote, lakini lilikuwa nene na lilikuwa na majina ya kitaalamu, na nimegundua kwamba majina hayo yanafanya kazi ambayo majina ya Kigogo yangepaswa kuifanya yenyewe. Kijiji kikapitisha sheria ndogo: nusu ya chini isifyekwe, isichungiwe mifugo wakati wa mvua, kuchuma kuruhusiwe kwa utaratibu wa akina mama. Mradi haukubisha. Fedha zilikuwa zimekwisha na walikuwa wamehamia wilaya nyingine. Mkataba wangu haukuongezwa. Nasikia kwenye taarifa ya mradi kilima chetu kimehesabiwa miongoni mwa maeneo yaliyofanikiwa.

Watu huniambia nishukuru, nusu imebaki. Siwezi. Nusu ya juu mvua imeshaichana, makorongo mawili yanateremsha udongo hadi kwenye mashamba ya watu. Tumepita pale kwa miguu mara nyingi, mimi na mama mdogo na wale wanawake, tukitafuta jani dogo kama kucha. Tumetafuta pia vilima vya jirani. Kuna siku mmoja wao alipiga kelele akidhani amekipata, tukakimbilia wote, ikawa mmea mwingine.

Mama mdogo ananiitikia shikamoo siku hizi. Wiki iliyopita alinipikia ugali na mlenda, akaniuliza kama kazi ya kuuza mitungi ya gesi niliyoipata inalipa. Tulikula vizuri. Sikumuuliza tutakula nini mtama ukikauka tena, na yeye hakulitaja. Alikusanya vyombo, akatoka nje, akasimama uani kwa muda mrefu akikitazama kilima, kisha akaniita nimshikie ngazi ateremshe mboga zilizokuwa zinakauka juu ya paa.